Mshahara wa Mlinzi: Ushirikiano wa Kimataifa na Utawala wa Mazingira katika Virunga, 1925–2025

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya jambo ambalo siku hizi hutajwa katika kila mradi unaoletwa mashariki mwa nchi yetu, yaani kuimarisha utawala wa mazingira kwa njia ya ushirikiano wa kimataifa. Hatutalitazama kwa jumla. Tutalitazama mahali pamoja tu, Mbuga ya Taifa ya Virunga katika Kivu ya Kaskazini, ambayo imetimiza umri wa miaka mia moja. Na kwa kuwa jarida hili ni la watu wa Kiswahili, msomaji atatusamehe tukisimama hapa na pale ili kuyapima maneno.

Neno la Kifaransa gouvernance huwapa taabu wanafunzi wetu. Wengine huandika utawala, wengine uongozi, wengine usimamizi. Kila moja lina mzigo wake. Utawala ni kazi ya aliye juu. Uongozi hudai wawepo watu wanaomfuata kiongozi kwa hiari. Usimamizi ni kazi ya msimamizi, naye msimamizi ana bwana wake. Lakini hakuna hata moja kati ya maneno haya matatu linalosema wazi jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha habari: mwenye madaraka akiulizwa, humjibu nani? Tutaonyesha kwamba ushirikiano wa kimataifa uliipa Virunga mabwana wengi wa kuwajibu, nao waliiokoa mbuga hiyo zaidi ya mara moja. Ila wanavijiji wanaoizunguka hawakupewa mahali pa kuuliza. Njia rahisi ya kulifuatia jambo hili ni kutazama, katika kila kipindi, mshahara wa mlinzi wa mbuga ulitoka wapi.

Mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya wanyama wa Afrika ulitiwa sahihi mjini London tarehe 19 Mei 1900, na Dola Huru la Kongo lilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Haukutekelezwa kamwe. Shabaha yake, tena, ilikuwa hasa wanyama wa kuwindwa. Mambo yalibadilika pale Carl Akeley, Mmarekani aliyefanya kazi ya kuhifadhi mizoga kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, alipokwenda kuwapiga risasi sokwe wakubwa wa mlima Mikeno mwaka 1921, kisha akarudi kwao akitetea wasipigwe tena. Maombi yake yalifika kwa mfalme Albert wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembelea mbuga za taifa za Marekani. Tarehe 21 Aprili 1925 likatangazwa agizo la kuunda Parc National Albert juu ya milima ya volkano. Akeley mwenyewe alirudi mwaka 1926 pamoja na mtaalamu wa Kibelgiji, Jean-Marie Derscheid, akafia mlimani mwezi Novemba na kuzikwa Kabara.

Agizo la mwaka 1929 liliipanua mbuga na kuipa chombo chake cha kisheria. Halmashauri iliyoisimamia ilikaa Brussels, na baadhi ya viti vyake viliwekwa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi nyingine. Mwaka 1934 ikaundwa taasisi ya mbuga zote za koloni, ikaongozwa na Victor Van Straelen hadi wakati wa uhuru. Kati ya miaka hiyo miwili ulikuja mkataba wa pili wa London, wa mwaka 1933, ambao ulieleza mbuga ya taifa ni nini: eneo lililo chini ya mamlaka ya umma, ambalo mipaka yake haiwezi kubadilishwa ila na mtunga sheria. Kwa hiyo yale yanayoitwa leo utawala wa mazingira wa kimataifa si mageni kwetu. Mataifa yalikuwa yakishauriana juu ya nyasi za Rwindi wakati ambapo mashirika mengi yanayotusaidia leo yalikuwa hayajazaliwa.

Nani hakushauriwa? Katika halmashauri ile hakuketi Mkongo hata mmoja. Maagizo yaliandikwa katika lugha za Ubelgiji. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kazi na ya amri mashariki mwa koloni, kilitumika kumwambia mtu asipite, asiwinde, asikate. Tofauti hii ya lugha si jambo dogo. Lugha moja ilikuwa ya kuamua na nyingine ya kuamriwa, na anayejua ya pili tu hana namna ya kubishana na uamuzi.

Kufikia mwaka 1935 mbuga ilikuwa imeenea kutoka volkano hadi ng'ambo ya ziwa Edward na milima ya Ruwenzori, kiasi cha hekta laki nane hivi. Katika tambarare ya Rutshuru watu walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa ndani ya mbuga. Haki za wenyeji zilichunguzwa na tume za kikoloni na sehemu yake kulipiwa fidia. Uhalali wa mapatano yale umebishaniwa tangu siku zile hadi leo, na kila vita inapozuka mabishano hayo huamka tena. Kando ya ziwa, uvuvi uliruhusiwa katika vijiji vichache tu, ambavyo vitatu vyajulikana sana: Vitshumbi, Kiavinyonge na Nyakakoma.

Neno letu mazingira latokana na kitenzi zinga, zingira. Hutumiwa kwa maana ya vitu vinavyotuzunguka, na ni neno zuri. Lakini kuzingira ni pia kuuzunguka mji kwa jeshi. Mkulima wa Rutshuru ambaye upande mmoja ana mbuga, upande wa pili shamba kubwa la mwenye mali, na nyuma yake msongamano wa watu, angeweza kutufundisha maana hii ya pili bila kamusi.

Mwaka 1953 Bukavu ilipokea mkutano wa tatu wa kimataifa juu ya ulinzi wa wanyama na mimea ya Afrika. Miaka saba baadaye Wabelgiji waliondoka. Wengi walitabiri kwamba mbuga itakwisha. Haikwisha, na sababu ya kwanza ni walinzi wa Kongo wenyewe, waliobaki kazini katika machafuko ya mwaka 1960 na miaka iliyofuata, mara nyingi bila malipo. Mtaalamu wa Kibelgiji Jacques Verschuren alibaki nao. Anicet Mburanumwe akawa mhifadhi wa Kikongo wa mbuga hiyo. Na huko Ujerumani, Bernhard Grzimek wa Frankfurt alitafuta fedha kwa ajili ya walinzi. Hapa yatupasa kutazama kwa makini. Dola lilikuwa limeshindwa kumlipa mlinzi, na mfadhili wa nje akaingia mahali pa dola. Lilikuwa tendo jema, na hatuoni ni nani angelilaumu. Ila tangu hapo mlinzi alijifunza kwamba fedha zikikatika Kinshasa, huenda zikatoka Ulaya. Kinshasa nayo ilijifunza jambo hilohilo.

Kipindi cha Mobutu hadi katikati ya miaka ya 1970 kilikuwa cha sifa. Mwaka 1969 mbuga iliitwa Virunga, jina litokanalo na neno ibirunga la Kinyarwanda, yaani volkano. Na tarehe 22 Agosti mwaka huohuo ikatoka sheria ya hifadhi ya maumbile ambayo ilidumu hadi mwaka 2014. Zaire iliridhia mkataba wa urithi wa dunia mwaka 1974, na Virunga ikaandikwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1979. Mwezi Septemba 1975 Kinshasa ilikaribisha mkutano mkuu wa kumi na mbili wa UICN, muungano wa kimataifa wa hifadhi ya maumbile. Mkutano huo ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zilinde maisha ya jadi ya wenyeji na zisiwahamishe katika nchi zao kwa ajili ya mbuga.

Sasa tazama yaliyotokea. Mwezi Julai wa mwaka uleule wa 1975, Mbuga ya Kahuzi-Biega, upande wa Bukavu, ilikuwa imepanuliwa mara kumi, kutoka hekta 60,000 hadi kama 600,000. Katika miaka hiyo ya 1970 Batwa walifukuzwa kutoka msitu wao. Azimio lilisomwa Kinshasa, msituni halikufika. Ilibidi kungoja Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo uamuzi wake uliotangazwa mwezi Julai 2024 ulisema kwamba dola la Kongo lilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Ni karibu miaka hamsini baina ya azimio na hukumu, na hukumu yenyewe ilipatikana nje ya mahakama za nchi.

Baada ya mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwezi Mei 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na wengine wakafuata. Wasomaji wetu wa umri mkubwa hawahitaji kuelezwa maisha ya mtumishi wa serikali yalikuwaje baada ya hapo. Mwaka 1994 kupanda kwa bei kulizidi asilimia 9000. Mshahara wa mlinzi, kama ule wa mwalimu, ulikuwa karatasi. Katika hali hiyo, mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kambi za Mugunga, Kibumba, Kahindo na Katale zilijengwa kando ya mbuga, na watu wale walihitaji kuni kila siku. Mwishoni mwa mwaka UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hivyo basi mkono mmoja wa Umoja wa Mataifa ulilisha kambi zilizokuwa zikikata msitu, na mkono wa pili ukatangaza kwamba msitu unakatwa. Hatusemi wakimbizi wangeachwa wafe. Twasema kwamba hapakuwa na mamlaka ya nchi yenye nguvu ya kuuita mkono mmoja na mwingine mbele ya meza moja na kuamua kambi iwekwe wapi. Ushirikiano ulikuwepo kwa wingi. Utawala ndio uliokosekana.

Jambo moja la miaka ya vita lastahili kusifiwa bila kusitasita. Kati ya 1998 na 2003 mbuga ilikuwa katika eneo la waasi, huku makao makuu ya taasisi yake, ICCN, yakibaki Kinshasa. Kuanzia mwaka 2000 UNESCO, kwa fedha za United Nations Foundation, iliendesha mpango wa kuwalipa posho walinzi wa maeneo ya urithi pande zote mbili za mstari wa vita. Watumishi wa taasisi moja, waliotengwa na majeshi, waliendelea kuwa watumishi wa taasisi moja. Huenda huu ndio mfano ulio safi kuliko yote wa ushirikiano kuimarisha chombo cha nchi badala ya kukichukua. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sokwe wa milimani. Programu iliyoanzishwa mwaka 1991 iliwaunganisha wahifadhi wa Kongo, Rwanda na Uganda hata wakati serikali zao zilipopigana, na nchi hizo tatu zikatia sahihi mkataba wa kushirikiana mwaka 2015. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta sokwe 254 katika volkano za Virunga. Ile iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuta 604. Mwaka huohuo UICN iliwashusha ngazi moja katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Lakini posho ya mfadhili ina upande wa pili. Mjini Goma neno makala si maandishi. Ni makaa ya kupikia, na sehemu kubwa ya makala ya Goma ilitoka ndani ya mbuga. Biashara hiyo iliwashika wanajeshi, wenye silaha wa kila kabila, na hata watu wa ndani ya taasisi yenyewe. Mwaka 2004 karibu hekta 1500 za msitu wa Mikeno zilifyekwa. Mwezi Julai 2007 sokwe kadhaa wa jamaa ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe, waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanyabiashara wa makala. Ndipo njia mpya ilipofuatwa: ICCN ilitia mkataba na wakfu uliosajiliwa Uingereza, ambao leo huitwa Virunga Foundation, na mwaka 2008 Emmanuel de Merode, Mbelgiji, akawekwa kuwa mkurugenzi wa mbuga. Walinzi walichujwa na kufundishwa upya. Malipo yao yakaboreshwa. Umoja wa Ulaya ukawa mfadhili mkuu. Vituo vya umeme wa maji vilijengwa Mutwanga, kisha Matebe, ambacho kilizinduliwa mwezi Desemba 2015 kikiwa na nguvu ya zaidi ya megawati 13.

Msomaji asidhani kwamba walinzi hao wanakula raha. Zaidi ya 200 wameuawa kazini katika historia ya mbuga. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12. Mkurugenzi wao mwenyewe alipigwa risasi barabarani mwezi Aprili 2014. Hatuna haki, tukiwa tumekaa maktabani, ya kuupuuza ujasiri huo. Swali letu ni la namna nyingine. Mkulima ambaye shamba lake limeharibiwa na tembo, au ambaye ndugu yake amekamatwa na walinzi, apeleke wapi malalamiko yake? Kwa mwami, ambaye hana amri ndani ya mbuga? Kwa mkuu wa eneo, ambaye hakumwajiri mlinzi? Kwa wakfu ulio ng'ambo ya bahari? Chombo kimeimarishwa kweli, lakini mahakama, ofisi ya ardhi na baraza la eneo, ambazo zingekiuliza chombo hicho maswali, zimebaki kama zilivyokuwa mwaka 1994. Fedha za mradi huingia ndani ya mpaka wa mbuga kwa urahisi kuliko zinavyoingia katika chumba cha hakimu wa Rutshuru.

Habari ya mafuta yaonyesha jambo hili waziwazi. Kampuni ya Kiingereza SOCO ilipewa haki ya kutafuta mafuta katika eneo lililoingia ndani ya Virunga hadi ziwa Edward. Sheria ya 1969 ilikuwepo. Mkataba wa urithi wa dunia ulikuwepo. Katika Kivu watetezi wa haki na wavuvi walipinga, na baadhi yao walitishwa. Hata hivyo hatua iliyosikika zaidi haikufanyika Goma wala Kinshasa. Mwezi Oktoba 2013 shirika la WWF lilipeleka mashtaka kwa ofisi ya Uingereza inayofuatilia kanuni za OECD juu ya makampuni, na tarehe 11 Juni 2014 kampuni na WWF wakatoa tangazo la pamoja kwamba kazi itasimama. Mbuga iliokoka. Lakini walioketi mezani walikuwa kampuni ya kigeni na shirika la kigeni. Mvuvi wa Vitshumbi, ambaye ziwa ni chakula chake, alisikia habari redioni. Na kwa kuwa uamuzi ule haukufanywa na chombo cha nchi, haukuifunga nchi: mwezi Julai 2022 serikali ilipiga mnada vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, kabla ya kuufuta mnada huo mwezi Oktoba 2024.

Mwezi Aprili 2025 mbuga ilitimiza miaka mia moja. Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari, na Rumangabo tangu mwisho wa mwaka 2022. Kwa mara nyingine mlinzi alikuwa upande mmoja wa mstari na dola lake upande mwingine.

Limebaki jambo moja ambalo ni letu zaidi, sisi watu wa lugha. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 142, yaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu kutangazwa kwake. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Sheria ya msingi ya mazingira ilitangazwa tarehe 9 Julai 2011, na sheria ya hifadhi ya maumbile, iliyochukua mahali pa ile ya 1969, tarehe 11 Februari 2014. Hii ya pili yataka wenyeji wahusishwe kabla eneo halijatengwa, jambo ambalo mwaka 1925 hakuna aliyelifikiria. Washauri wa kigeni walisaidia katika mageuzi hayo ya sheria, na fedha zilipatikana kwa semina nyingi. Sharti la kifungu cha 142 halijapata bahati hiyo. Halitimizwi ipasavyo, wala hatujaona mradi ulioliweka katika bajeti yake, ingawa gharama ya kutafsiri sheria moja haifikii bei ya gari moja la semina.

Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuitafsiri sehemu hiyo ya sheria ya 2014 inayohusu wenyeji, penye neno la Kifaransa consultation. Mmoja aliandika kuwajulisha wenyeji. Wa pili, ambaye kwao ni Rutshuru, aliandika kuwaomba wenyeji ruhusa, akakataa kulifuta neno ruhusa hata tulipomwonyesha kwamba sheria haisemi hivyo. Wa tatu aliandika kushauriana na wenyeji. Tulitumia saa mbili nzima kubishana juu ya maneno hayo matatu, na kipindi kikaisha kabla hatujakubaliana lipi liandikwe.